Kabla ya Kusema "Karibu Chakula"

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na walezi wenzangu: Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Ninashukuru kwa kupewa nafasi ya kuzungumza nanyi asubuhi hii. Mwalimu Mkuu aliniomba nizungumzie mzio kwa kuwa anafahamu kwamba mwanangu, aliye darasa la tano katika shule hii, hali karanga, na kwamba mimi mama yake, niliyezaliwa na kulelewa hapa hapa Tanga, mwendo mfupi kutoka baharini, siwezi kula kamba wala kaa. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa Biolojia wa sekondari, na haya nitakayoyasema nimeyapata kwa kusoma, kwa kuwauliza madaktari waliotutibu bila kuona haya, na kwa miaka mingi ya kuishi nikijua kwamba mwiko mmoja uliochovywa katika sufuria mbili unaweza kuniondolea mtoto.

Nianze na neno lenyewe. Wengi wetu tunasema "aleji", na hakuna ubaya, kwa sababu hata kwenye duka la dawa ukisema hivyo unaeleweka. Lakini neno mzio tulikuwa nalo kabla ya kuwa na hospitali. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisema, "Hicho kwangu ni mzio," na alikuwa na maana ya chakula ambacho mtu hali, ama kwa sababu ukoo wake umekikataza, ama kwa sababu mganga aliyemtibu alimwekea sharti hilo, ama kwa sababu tu aliwahi kukila kikamdhuru. Mtu akishatamka hivyo mbele ya sinia, mwenyeji hakumuuliza mara mbili na wala hakununa. Chakula kile kiliondolewa, kikaletwa kingine, na mazungumzo yakaendelea kama kawaida. Ninasema kwa uchungu kwamba heshima ile tuliyompa mtu aliyekatazwa chakula na mganga, leo tunamnyima mtu anayekatazwa chakula na mwili wake mwenyewe. Huyu tunamwambia anadeka. Tunamwambia ameiga Uzungu. Tunamwambia, "Onja tu, kidogo tu, hakitakuua," na hapo ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu hicho kidogo kinaweza kumuua.

Kinachotokea mwilini si kigumu kukieleza. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu na minyoo, hukutana na protini ya karanga, ya yai, ya maziwa au ya kamba, ikaidhania kuwa ni adui. Mara ya kwanza huenda kusionekane kitu chochote. Mwili hutengeneza kingamwili za aina inayoitwa IgE, na kingamwili hizo hujishikiza kwenye seli maalumu zilizotapakaa katika ngozi, puani, kooni, kifuani na matumboni, zikangoja. Protini ileile ikirudi, hata kwa kiasi cha punje, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine kwa mkupuo. Ngozi huwasha na kutoa mabaka, kope na midomo huvimba, tumbo hukata, mtu hutapika, kifua hubana kama cha mwenye pumu, na kwa baadhi ya watu presha ya damu hushuka ghafla wakapoteza fahamu. Hali hii inayoshika mwili mzima kwa muda wa dakika chache ndiyo wataalamu wanayoiita anafilaksia.

Neno hilo lina historia ambayo ningependa kila mtu mwenye tabia ya kusema "kula kidogo kidogo utazoea" aijue. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wakichunguza sumu za viumbe wa baharini, na waliwajaribia mbwa sumu hiyo kwa vipimo vidogo. Walitarajia kwamba mbwa aliyepewa kidogo akapona angekuwa amejijengea kinga. Baada ya wiki kadhaa walimpa tena mbwa mmoja kipimo kidogo, ambacho kwa hesabu zao hakikupaswa kumdhuru, naye akaanza kuhema, akaharisha, akalala chini na kufa kabla ya nusu saa kwisha. Walitoa taarifa ya jambo hilo mwaka 1902 wakaliita anafilaksia, yaani kinyume cha kinga, na mwaka 1913 Richet alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Ni kweli kwamba siku hizi zipo hospitali katika nchi nyingine ambako mtoto mwenye mzio wa karanga hupewa unga wa karanga kwa vipimo vidogo mno, vikaongezwa taratibu kwa miezi mingi hadi mwili ukavumilia. Matibabu hayo hufanywa na daktari bingwa aliyeandaa dawa ya dharura pembeni yake. Hayafanywi barazani, hayafanywi harusini, na hayafanywi na shangazi anayetaka kuthibitisha kwamba mtoto anadanganya.

Sasa niwaeleze yaliyotupata. Mwanangu alikuwa na miezi tisa niliponunua unga wa lishe sokoni, ule mchanganyiko tunaoujua sote wa mahindi, mchele, ulezi, soya na karanga. Kwenye kijiko cha tatu au cha nne mabaka mekundu yalimzunguka mdomo, yakashuka hadi kifuani, kisha akatapika uji wote na kulala. Jirani mmoja alisema ni meno, mwingine akasema mtoto amepigwa kijicho, na mimi mwalimu wa Biolojia nilikubali kwamba ni meno. Nilibadilisha unga kwa sababu moja tu, kwamba alionekana haupendi. Kwa hiyo tuliishi zaidi ya miaka mitatu bila kujua tulichokuwa tumeepushwa nacho.

Alipofikisha miaka minne, siku ya Idi, jirani yetu tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja alimpa kashata ya karanga. Kipande chenyewe hakikuzidi kibiriti, na hakukimaliza. Alirudi ndani akijikuna shingo kama anayetaka kutoa kitu kilichokwama ndani, na sauti yake ilikuwa imekuwa nzito. Nilimshika uso. Masikio yalikuwa mekundu na ya moto, na mdomo wa juu ulikuwa ukivimba huku nikiuangalia. Aliniambia, "Mama, ulimi umekuwa mkubwa." Sitayasahau maneno hayo, kwa sababu yalikuwa ya mwisho kuyasema kwa ufasaha siku ile.

Tulifika zahanati kwa bajaji. Mhudumu aliyekuwapo alimchoma sindano ya kutuliza mwasho na nyingine ya haidrokotisoni, dawa ya kupunguza uvimbe, akatuambia tukae kwenye benchi tusubiri zifanye kazi. Tulikaa. Mtoto alianza kukoroma akiwa macho, na ngozi ya chini ya mbavu ikawa inaingia ndani kila anapovuta pumzi. Muuguzi mmoja mtu mzima alipita akitoka wodi ya wazazi, akamtazama mara moja tu, akageuka na kurudi mbio alikotoka, akaja na ampuli ndogo ya adrenalini iliyokuwa kwenye trei ya dharura ya wodi ile. Aliivuta kwenye bomba la sindano na kumchoma pajani, upande wa nje, juu ya nguo bila kumvua kaptula. Kabla ya dakika kumi kwisha mwanangu alikuwa analia kwa sauti, na mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwa kilio kile. Yule mhudumu wa kwanza simlaumu, kwa kuwa alifanya alichozoea kukifanya na alikifanya kwa nia njema. Ninachosikitikia ni kwamba dawa iliyohitajika ilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye benchi letu, na sikuwa nimejua niiulize.

Kwa sababu hiyo naomba mlishike jambo hili kuliko mengine yote nitakayoyasema. Dawa ya anafilaksia ni adrenalini, nayo ndiyo inayotangulia. Vidonge na sindano za kuzuia histamini hutuliza mwasho na mabaka, lakini havifungui koo linaloziba wala haviinui presha iliyoshuka, na haidrokotisoni huchukua saa kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Adrenalini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na ampuli yake si ya gharama kubwa. Huchomwa kwenye msuli wa paja kwa kipimo cha miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, pasipo kuzidi miligramu 0.5 kwa mtu mzima, na inaweza kurudiwa baada ya dakika tano kama hali haijabadilika. Ulaya na Marekani watu wenye mzio hutembea na kalamu iliyokwisha kujazwa dawa hiyo, lakini kalamu hizo ni ghali na hapa kwetu hazipatikani kirahisi. Sisemi haya ili mzazi ajifanye muuguzi nyumbani. Ninayasema ili siku atakapofika zahanati na mtoto aliyevimba ulimi, aweze kusema kwa adabu na bila kutetemeka, "Daktari, mwanangu ana mzio wa karanga na amezila, naomba umwangalie kwa adrenalini." Afadhali pia aende mapema, siku mtoto akiwa mzima, akawaulize wahudumu wa zahanati iliyo karibu kama dawa hiyo wanayo na wanaiweka wapi.

Lipo na jambo la usafiri. Mtu aliyepata mshtuko huu anatakiwa alazwe chali na miguu iinuliwe, au kama anashindwa kupumua, akae huku miguu imenyooshwa, na asisimamishwe wala kutembezwa, kwa maana presha ikiwa chini mtu akisimamishwa ghafla moyo unaweza kukosa damu ya kusukuma. Nasi tumezoea kumkimbiza mgonjwa kwa bodaboda, kakaa wima katikati ya watu wawili, kichwa kinaning'inia. Tukipata bajaji au gari, tumlaze. Na akishapona, asirudishwe nyumbani palepale, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa hata kama hajala kitu kingine; akae chini ya uangalizi.

Baada ya siku ile ndipo nilipoanza kuelewa kuishi na mzio ni kuishi vipi. Karanga kwetu si vitafunio tu. Zimo kwenye mchicha, zimo kwenye kisamvu, zimo kwenye mchuzi wa kuku wa baadhi ya nyumba, zimo kwenye uji. Mashine ya kusaga inayosaga karanga saa tatu husaga mahindi yangu saa nne, kwa hiyo mimi hudamka ili niwe wa kwanza kabisa baada ya mashine kusafishwa, na mwenye mashine, Mungu amzidishie, husaga kilo moja ya mahindi yake mwenyewe kwanza kuusukuma unga uliobaki. Muuza chipsi hukaanga kamba, ngisi na viazi katika karai moja, na mafuta hayafutiki kumbukumbu. Viazi vile mimi siviwezi hata kama havijagusana na kamba kwenye sahani. Kashata za ufuta na za nazi hukatwa kwa kisu kilekile kilichokata za karanga. Hata kile tunachojivunia kuliko vyote, kula pamoja katika sinia moja, kwetu sisi ni hatari ya aina yake, kwa sababu mkono wa mwenzangu uliomenya kamba upande wake ndio unaofuata kipande cha ndizi upande wangu. Siku za mwanzo nilikuwa ninakaa nao kwenye sinia kwa kuogopa kuonekana nimejitenga. Sasa huomba sahani yangu kabla watu hawajanawa mikono, na ninaeleza kwa sentensi moja, kwa tabasamu, bila kuomba radhi.

Hata hivyo si kila anachokikataa mwili ni mzio, na kulitumia neno hili ovyo kunatuponza sisi wenye ugonjwa wenyewe. Hapa pwani mtu akila jodari au vibua akawa mwekundu usoni, kichwa kikagonga, mwili ukawasha, husema ana mzio wa samaki, akaacha samaki maisha. Mara nyingi kilichompata ni samaki aliyekaa juani au bila barafu ya kutosha. Bakteria hugeuza sehemu ya protini ya samaki wa aina hiyo kuwa histamini, ileile inayomwagwa na seli zetu wakati wa mzio, na kumkaanga au kumchemsha hakuiondoi. Dalili ya kukusaidia kutofautisha ni kwamba watu kadhaa waliokula samaki yuleyule huugua pamoja. Vilevile watu wazima wengi Waafrika wakinywa maziwa mabichi au ya moto tumbo hujaa gesi na kuharisha kwa sababu mwili wao umeacha kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Hilo ni usumbufu, na wengi wao hunywa mtindi bila tabu. Mtoto mwenye mzio wa maziwa hawezi kunywa mtindi, wala kula keki iliyotiwa siagi bila idhini ya daktari wake. Mtu wa kwanza akionja kwa makosa hukimbilia chooni, na wa pili anaweza kukimbizwa hospitali.

Vipimo navyo vina ugumu wake. Kipimo cha damu au cha kuchoma ngozi huonyesha kwamba kingamwili za IgE zipo, lakini hakithibitishi kwamba mtu atadhurika akila. Katika maeneo yenye minyoo na kichocho jambo hili ni kubwa zaidi, kwa kuwa minyoo hupandisha IgE mwilini, na utafiti uliofanywa Ghana ulionyesha watoto wengi waliokuwa na IgE dhidi ya karanga ambao walikuwa wakizila bila shida. Kwa hiyo mzazi asifurahie karatasi yenye orodha ndefu ya vyakula vya kukatazwa akamnyima mtoto mayai, samaki, maharage na maziwa kwa mkupuo. Nimemwona mtoto wa namna hiyo, amekonda, na mzio wenyewe hana. Maelezo ya alichokula, dakika ngapi baadaye ndipo akaugua, na aliugua vipi, yana uzito kuliko karatasi hiyo. Yaandikeni kwenye daftari.

Niingie kwenye hewa tunayovuta, kwa sababu katika nyumba yangu huku ndiko kazi ya kila siku iliko. Chakula nikishakiondoa nimekiondoa, lakini siwezi kuacha kupumua. Mwanangu na mimi sote tuna pumu, na adui yetu mkubwa ni utitiri wa vumbi la nyumbani, mdudu wa takribani sehemu ya tatu ya milimita moja, asiyeonekana kwa macho, anayeishi kwenye magodoro, mito, mapazia na makochi, akila magamba ya ngozi yanayodondoka kutoka miilini mwetu. Hang'ati. Kinachotuletea kupiga chafya mfululizo alfajiri, pua kuwasha na kifua kupiga miluzi ni kinyesi chake kinachopeperuka tukigeuka kitandani. Anahitaji unyevu hewani, na unyevu Tanga haujawahi kupungua, kwa hiyo hatuwezi kummaliza. Tunaweza tu kumpunguza. Mto wa sufi niliorithi kwa mama nimeutoa chumbani, jambo ambalo liliniuma. Godoro limefungwa kwenye gamba la plastiki lenye zipu, na juu yake shuka linalofuliwa kila wiki kwa maji ya moto sana. Siku za jua kali mito hukaa nje juu ya bati tangu asubuhi hadi alasiri, inageuzwa mara mbili, kisha inakung'utwa na mtu asiye na pumu. Zulia tumeliuza, tukabaki na mkeka unaofutwa kwa kitambaa kibichi.

Mende ni jambo la pili, na hili lina habari iliyonishangaza. Protini inayonidhuru katika kamba na kaa inaitwa tropomaiosini, nayo imo pia katika mende na katika utitiri wa vumbi, kwa kuwa wote hao ni viumbe wa jamii moja kubwa yenye miguu ya vipingili. Inadhaniwa kwamba baadhi ya watu wanaanza kuukataa utitiri au mende waliouvuta puani kwa miaka, kisha mwili ukamfananisha na kamba. Niliposoma hivyo niliikumbuka nyumba niliyokulia, jiko la makuti lenye unyevu, na mende waliokuwa wakitoka nyuma ya kabati usiku taa ikizimwa. Siwezi kuthibitisha kwamba wao ndio walioninyima kamba, lakini tangu hapo mabaki ya chakula hayalali jikoni kwangu. Samaki wenye magamba, yaani changu na tasi na wenzao, protini yao inayodhuru watu ni nyingine kabisa, na ndiyo maana mimi ninawala bila hofu ingawa watu hudhani siwezi kula chochote cha baharini.

Moshi wa mkaa, moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma, na naomba mnivumilie kwa hili, udi na ubani, havileti mzio wenyewe, lakini vinachokoza njia ya hewa ambayo tayari imevimba. Ninaupenda udi. Sijui harusi ya kwetu bila chetezo. Ninachoomba ni kwamba chetezo kisipitishwe chini ya pua ya mtoto mwenye pumu kama baraka, na kwamba nguo zifukizwe chumba kingine, dirisha likiwa wazi.

Na hapa shuleni, Mwalimu Mkuu, kuna ufagio. Kila asubuhi kabla ya paredi watoto hufagia madarasa, sakafu ni kavu, vumbi linapanda hadi kwenye paa na jua likipenya dirishani unaliona limesimama kama pazia. Mwanangu alikuwa akifagia zamu yake na kuingia kipindi cha kwanza akiwa anakohoa, na mwaka wa kwanza aliadhibiwa kwa kuomba asifagie. Hatukuombea upendeleo. Maji yakinyunyizwa sakafuni kabla ya kufagia, watoto wote watapumua vizuri, na mtoto mwenye pumu anaweza kupewa zamu ya kumwagilia maua au kuchota maji, kazi zisizo nyepesi kuliko ufagio. Mwalimu wa darasa lake amelifanya hili tangu mwaka jana, na ninamshukuru mbele yenu.

Nimeulizwa na wazazi wenye watoto wachanga kama ni vyema wawanyime karanga ili wasipate yaliyompata wangu. Jibu ni kinyume, na wengine mtashangaa kulisikia kutoka kwangu. Kwa miaka mingi wazazi wa Uingereza na Marekani waliambiwa wawacheleweshee watoto karanga, na mzio ukazidi. Mwaka 2008 timu iliyoongozwa na Gideon Lack wa London ilionyesha kwamba watoto wa Kiyahudi waliokulia Uingereza walikuwa na mzio wa karanga mara 10 zaidi ya wenzao wa Israel, ambako mtoto hula vitafunio vya karanga tangu akiwa hajaota meno yote. Kisha wakachukua watoto 640 wenye umri wa kati ya miezi 4 na 11, waliokuwa na pumu ya ngozi kali au mzio wa mayai, nusu wakapewa karanga kila wiki na nusu wakakatazwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalikuwa kwamba, walipofikisha miaka mitano, takribani asilimia 17 ya waliokatazwa walikuwa na mzio wa karanga, na kwa waliokula ilikuwa takribani asilimia 3. Maana yake uji wetu wa lishe, unaoanza pale mtoto anapotimiza miezi sita, huenda umewakinga wengi kuliko tunavyodhani. Endeleeni kuupika. Karanga ziwe zimesagwa zikalainika, kwa kuwa punje nzima humpalia mtoto mdogo, na kama mtoto ana pumu ya ngozi kali au amewahi kuvimba kwa yai, mpelekeni kwa daktari kabla ya kijiko cha kwanza. Wangu alikuwa na pumu ya ngozi tangu akiwa na miezi mitatu, na hakuna aliyeniambia nimpeleke kwanza.

Sasa ombi langu kwenu, wazazi. Sikuja kuomba karanga zipigwe marufuku shuleni. Ni chakula cha bei nafuu chenye lishe, na mtoto ambaye mama yake anamfungia karanga za kukaanga hana kosa lolote. Ninaomba watoto wafundishwe kutogawiana chakula na mwanangu bila mwalimu kujua, na kunawa mikono kwa sabuni baada ya kula, kwa maana maji peke yake hayaondoi mafuta ya karanga. Ninaomba pia tuzungumze nao kuhusu mzaha. Mwaka juzi mtoto mmoja alimtilia punje za karanga ndani ya mfuko wa madaftari ili aone kama kweli atavimba. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa amesikia nyumbani kwamba ule ugonjwa ni wa kujitakia. Na tukialikana, mwenyeji amuulize mgeni wake kabla ya kupakua, "Kuna kitu hukili?" Ni maneno matatu, na yanamwondolea mgeni mzigo wa kuchagua kati ya adabu yake na uhai wake.

Yule jirani yetu wa kashata alilia siku ile kuliko mimi. Kwa muda alikuwa akimwona mtoto njiani anageuza uso, na ilinibidi niende kwake, nikae jikoni kwake, nimwambie kwamba hakuna aliyejua, hata mimi mwenye cheti. Idi ya mwaka huu alikuja na sahani iliyofunikwa kwa kawa, na kabla hata hajaitikia salamu alisema mlangoni: "Hizi kashata ni za nazi. Sufuria ni mpya, kisu nimekinunua jana, na karanga hazijaingia nyumbani kwangu tangu mwezi ulipoandama." Mwanangu alinitazama. Nilimwitikia kwa kichwa, naye akafunua kawa.